Bahari Isiyokupwa ya Githio

Tangu nirudi sijapata raha ya kukaa barazani. Huyu anauliza kama ni kweli Wagiriki wanakula konokono, yule anataka kujua theluji ina ladha gani, na juzi walikuja watatu kwa pamoja wakakaa mpaka chai ikaisha na sukari ikaisha. Nimeona bora niandike mara moja, mwenye kutaka asome, nami nipumzishe ulimi.

Wengi wenu mnajua kwamba kwa miaka kumi na moja nilikuwa mpishi nyumbani kwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge nje ya Lindi. Mkewe tulimwita Mama Yorgo, kwa jina la mwanawe wa pekee. Yorgo alikuwa mtoto wa jikoni kwangu, akila ukoko wa wali kuliko chakula cha mezani kwao. Alifariki kwa homa mwaka ule ule wa Uhuru, akiwa na miaka minne, akazikwa nyuma ya nyumba. Mashamba yalipotaifishwa wenyewe wakarudi kwao, na Mama Yorgo akaniachia kaburi nilitunze. Kila mwaka aliniletea barua, akiuliza kama kaburi ni safi. Kila mwaka nikajibu kwamba ni safi.

Majibu yangu mawili ya mwisho yalikuwa uongo. Kijiji cha ujamaa kilipopimwa juu ya shamba lile, kigingi cha choo cha shule kiliangukia palepale juu ya kaburi. Msalaba ulikuwa umeliwa na mchwa, hapakuwa na alama. Mpimaji aliuliza kwa adabu kabisa kama yuko mtu mwenye neno. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi, nimesimama mbele ya watu wangu, nikaogopa kuambiwa kwamba natetea kaburi la bepari. Nikanyamaza. Ijumaa iliyofuata, watu wakiwa msikitini, nilimfukua mtoto yule peke yangu, nikampeleka kwetu Milola.

Mnajua kwetu kumfukua aliyezikwa ni jambo gani. Sikumwambia hata mke wangu, naye analisoma hapa pamoja nanyi. Samahani, mama watoto.

Kisha Januari hii akaja Kapteni Manoli, kaka yake Mama Yorgo, ambaye meli yake ya mizigo hufika Mtwara kuchukua korosho. Alisema dada yake ni mjane miaka kadhaa sasa na moyo wake ni mgonjwa, na anataka nimweleze habari za kaburi kwa mdomo, kwa maana barua hazimtoshi. Ningesafiri kama mpishi msaidizi. Habari za makaratasi naziruka. Zilinichosha mara moja, inatosha.

Milola hadi Mtwara

Mvua ilikuwa imeanza kweli. Lori letu lilizama Mingoyo mpaka magurudumu yakawa hayaonekani, tukakaa pale siku mbili tukilitazama kama tunamwangalia mgonjwa. Mama mmoja wa Kimakonde alikuwa akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, kando ya barabara, akatugeuza sote kuwa wateja wake. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Ugiriki. Akafikiri, akauliza kama ni mbele ya Newala au kabla ya kufika.

Nilimjibu kwamba ni mbele kidogo. Akanifungia ming'oko mingine kwenye jani la mgomba, akasema mtu wa mbele ya Newala asisafiri na tumbo tupu. Nilikula huku najiuliza nitaanza vipi kumwambia Mama Yorgo, na hapo bado sikuwa nimetoka hata Lindi.

Mtwara hadi Adeni

Siku ya kwanza baharini niliiona Lindi kwa mbali. Miaka yote ile niliitazama bahari kutoka Lindi, na sikuwahi kufikiri kwamba Lindi nayo inatazamika. Vilima vyake vilikuwa vya buluu, mji umejikunja ndani ya ghuba, na mahali ambapo najua kuna shamba la mkonge palikuwa na doa dogo la kijani. Nikalitazama mpaka likapotea. Baadaye tukapita Kilwa, lakini Kilwa ilikuwa ukungu tu na ndege.

Jikoni alikuwepo mpishi mkuu aitwaye Niko, mtu mnene asiyependa mtu aguse visu vyake. Tulielewana kwa Kigiriki changu cha jikoni, maana niliyajua majina ya vyakula vyote na matusi machache. Siku ya pili niliona bakuli la zambarau mezani, nyeusi, zimeiva, zinang'aa. Nikamshukuru Mungu, nikatia kinywani tano kwa pamoja. Zilikuwa zeituni zilizolazwa kwenye chumvi. Kwa Mama Yorgo zilikuwa zikija za kijani ndani ya kopo, nitajuaje? Niko alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akaniruhusu kugusa visu.

Kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa kibla. Sisi watu wa Lindi tunaswali tukielekea kaskazini moja kwa moja, na meli nayo ilikuwa inakwenda kaskazini. Nilitandika mkeka wangu nyuma ya jiko, nikaelekea mbele ya meli, nikaona meli yote, pamoja na korosho zake na Wagiriki wake, inaelekea Makka pamoja nami. Siku zilifanana. Asubuhi maji, jioni maji, na katikati usingizi wa mchana ambao ndani yake nilikuwa nazungumza na Yorgo. Hakunilaumu. Aliniomba ukoko, nami kila mara nikawa sina sufuria.

Bahari ya Shamu na Mfereji

Kisha kibla kikaanza kuhama. Kapteni alinionyesha kwenye dira: jana mbele, leo kimeegemea kulia, kesho kulia kabisa. Mtu aliyezaliwa anaelekea upande mmoja, alikowaelekeza wafu wake na atakakoelekezwa yeye mwenyewe, si jambo dogo kuona upande huo unamzunguka. Tulipoupita usawa wa Jeddah nilisimama nimeshika mkeka mkononi, nikamwuliza Kapteni kila wakati wa sala, naye akawa muadhini wangu bila kutaka. Baada ya hapo Makka ilikuwa nyuma yetu. Niliswali nikiutazama mkia wa meli na povu lake jeupe likirudi kwetu.

Suweisi tulingoja siku nne. Mfereji ulikuwa umefunguliwa tena baada ya miaka ya vita, na meli zilipangana kama watu kwenye foleni ya duka la ushirika. Wamisri walikuja na mashua wakiuza mikoba ya ngozi, na mmoja, aliponiona, akaniamkia kwa Kiarabu kwa heshima kubwa, akanipa mkate bure. Sikujua amenifananisha na nani. Mkate ulikuwa mzuri, nikaula.

Ndani ya mfereji meli hutembea juu ya mchanga. Sijui niseme vipi. Ukikaa sehemu ya chini huyaoni maji, unaona jangwa tu kulia na kushoto, na mtu juu ya punda anakwenda sambamba nawe, kisha anakupita. Kandokando yalikuwepo magari ya vita yaliyoungua, yamelala kimya, mchanga umeanza kuyafunika.

Pirea hadi Githio

Bandari ya Pirea ilinipokea kwa mvua baridi. Kapteni alinivika koti lake la zamani lililonifika kwenye vifundo vya miguu, tukapanda basi lenye vioo vilivyojaa mvuke. Niliingia nikaona wanawake wazee wamekaa, wote wamevaa nyeusi tangu kichwani mpaka viatuni. Nikajua msiba mkubwa umeipata nchi. Nikavua kofia, nikapita kiti hadi kiti nikiwapa pole kwa Kigiriki changu, mmoja mmoja, kama tunavyofanya matangani.

Walinitazama kwanza. Kisha yule wa mwisho akanishika mkono, akaanza kulia taratibu, akanieleza mambo mengi ambayo sikuyaelewa, akanijaza machungwa mfukoni. Nilipokaa nikamwuliza Kapteni ni nani aliyekufa. Akasema hajafa mtu mkubwa. Kila mmoja wao ana wake, na huku mjane havui nyeusi mpaka afe. Niliona aibu, lakini nitasema kweli, pole zile sikuzijutia.

Njia ilikuwa ndefu. Tulipita mji wa Korintho, tukapanda milima yenye mawe matupu, tukashuka kwenye bonde lililojaa michungwa mpaka macho yakachoka. Upande wa magharibi ulisimama mlima mrefu wenye kichwa cheupe. Ndiyo theluji mnayoniulizia. Sikuionja, ilikuwa mbali, na kwa mbali inafanana na chokaa. Mto wa pale una matete kama mto wowote wa kwetu, na unakwenda kumwaga maji yake kwenye ghuba ileile tuliyokuwa tunaiendea.

Mji wenyewe

Githio, kwao Mama Yorgo, umeegemea kilima, uso wake uko mashariki, sawa na Lindi. Asubuhi jua linatoka majini, alasiri mapema linazama nyuma ya vilima na mji unabaki kwenye kivuli huku bahari bado inang'aa. Nyumba zimepakwa rangi ya waridi, ya ndizi, na nyingine buluu iliyopauka, zimepangwa moja juu ya bega la nyingine, na njia za kwendea juu ni ngazi. Upande wa kusini kuna kisiwa kidogo chenye misonobari na mnara wa taa mweupe, kimeunganishwa na mji kwa njia ya mawe. Kapteni alisema zamani sana mke wa mfalme alitoroshwa na mgeni, wakalala kisiwani humo usiku wao wa kwanza. Nilikwenda kukiona. Kuna mbuzi.

Pwani wanaume wanapiga pweza kwenye jiwe na kumwanika kwenye kamba, kama Kilwa, isipokuwa kwetu kazi ya pweza ni ya wanawake. Nilisimama nikihesabu mapigo yao, nikaona wanaacha mapema mno. Mmoja akanipa pweza nimwonyeshe. Nikapiga mpaka jasho likanitoka na baridi yote ile. Walikubali.

Nyumba ya Mama Yorgo iko juu, ngazi sitini na kitu. Alikuwa amesimama mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, naye pia amevaa nyeusi. Nikamwambia, "Shikamoo, Mama Yorgo."

Alishika mwimo wa mlango, akanitazama. Baadaye nilielewa kwamba kwao mwanamke haitwi kwa jina la mwanawe. Tangu aondoke Lindi hakuna aliyemwita hivyo, na hapo mjini wengi hawakujua hata kwamba aliwahi kuwa na mtoto. Hatimaye akasema marahaba, akanivuta ndani, akaniuliza kama nimekula.

Kungoja maji

Sikumwambia siku hiyo. Kila alipoanza kulisogelea jambo lenyewe nilisimama nikaenda jikoni. Nilimpikia wali, nikapika pweza bila nazi, jambo la huzuni, nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Alinitazama kwa subira. Alikuwa akihema sana akipanda ngazi, na usoni alikuwa na rangi ya mtu ambaye daktari wake hasemi yote.

Nilikuwa na mpango. Miaka yangu ya pwani ilinizoeza kwamba neno zito halisemwi ndani ya nyumba. Maji yakitoka, unamchukua mtu mnakwenda kutembea mchangani, mbali na masikio ya watu, mnasema, na mkirudi maji yanajaa nyuma yenu. Ndivyo nilivyomposa mke wangu, ndivyo nilivyopatana na ndugu yangu. Nikajiambia: maji yakipwa, nitamchukua Mama Yorgo tukatembee.

Siku ya pili asubuhi nilikaa kwenye ukuta wa bandari nikingoja. Nilichagua jiwe lenye mwani nikaliwekea jicho. Saa zilipita. Mashua zilitoka zikarudi, wapiga pweza wakala wakalala wakaamka, nami nimekaa na koti langu refu. Adhuhuri maji yalikuwa kwenye jiwe lile. Alasiri yalikuwa kwenye jiwe lile. Nikadhani nimekosea mwezi, lakini mwezi ulikuwa karibu kujaa, bamvua, maji makuu ya mwezi, ilikuwa haina budi kuja.

Kapteni alinikuta pale jua linazama. Nikamwuliza maji ya hapa yanatoka saa ngapi. Akasema bahari yao haiendi popote, inapanda na kushuka kama kiganja tu, mtu hata haoni. Nilikasirika, wala sijui nilimkasirikia nani. Bahari nzima, imejaa, imekaa palepale usiku na mchana, haikupi nafasi ya kusema lako.

Siku ya tatu

Asubuhi alinipa kahawa, akakaa mbele yangu, na safari hii sikusimama.

"Mama," nikasema, "kaburi la Yorgo halipo tena pale ulipoliacha. Nilimtoa mimi, kwa mikono yangu."

Nikamweleza yote. Kigingi, choo, mpimaji aliyeuliza kwa adabu, na mimi niliyenyamaza kwa kuogopa watu. Nikamwambia majibu yangu mawili yalikuwa uongo. Sauti yangu ilikuwa ngeni masikioni mwangu. Nilipomaliza alikuwa ameweka kikombe chini na mikono yake yote miwili iko juu ya meza. Alisimama, akajifunga shali, akachukua ufunguo ukutani, akatoka.

Nilimfuata nikiwa na hakika kwamba tunakwenda polisi, au kwa kasisi. Tuliupita mji, akipumzika kila baada ya hatua chache, akikataa mkono wangu, mpaka makaburini. Pembeni palikuwa na kijumba cha mawe. Akafungua. Ndani zilikuwepo rafu kama za duka, na juu yake masanduku madogo ya mbao na bati, kila moja lina jina na picha. Alivuta moja, akaliweka mezani, akainua kifuniko.

"Huyu Bwana," akasema.

Ilikuwa mifupa ya mumewe. Nilijikuta niko nje ya mlango nikimwomba Mungu msamaha. Mama Yorgo alinifuata akanishika mkono wa koti, akanieleza kwa Kiswahili chake cha shambani, polepole, kama zamani alivyokuwa akinifundisha kupika supu ya samaki. Kwao mtu hulala udongoni miaka mitatu au zaidi kidogo. Kisha watu wake humtoa, wakamwosha kwa divai, wakamleta humu ndani. Ni kazi ya ndugu. Asiyetolewa ni yule asiye na mtu.

"Miaka yote mimi nafikiri Yorgo hana watu," akasema. "Nafikiri iko chini peke yake, nani atamtoa? Wewe uliosha yeye na nini?"

"Maji ya waridi, Mama. Nikamfunga sanda ya bafta mpya."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia upishi wa namna nyingine na kuukubali. Halafu akauliza jambo lingine, mkono wake umekaza koti langu mpaka nikahisi kucha.

"Mifupa ilikuwa rangi gani?"

Sikujua uzito wa swali lile. Kapteni ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kwao mifupa iliyotoka myeusi ni ya mtu asiyepumzika, na wapo kina mama wanaoishi miaka wakiogopa siku ya kufukua. Mimi nilijibu tu nilichokiona.

"Kama korosho iliyobanguliwa, Mama. Udongo wetu mwekundu ulikuwa umeishika, nikaosha kwa maji matatu, ikawa safi kama korosho."

Alikaa chini kwenye kizingiti. Alilia, kisha akacheka, akasema "korosho" mara mbili, akaendelea kulia. Nami nikakaa kando yake nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, maana mzigo ule niliubeba tangu kijiji kile kilipopimwa na nilidhani nitazikwa nao.

Tulipotulia akaniuliza mtoto yuko na nani sasa. Nikamwambia yuko shambani kwetu Milola, karibu na mama yangu. Akauliza jina la mama yangu. Nikasema aliitwa Somoe.

"Basi Yorgo ana bibi," akasema.

Jumamosi

Jumamosi ile ilikuwa siku yao ya kuwaombea wafu wote, hitima yao kwa namna yake. Wanawake walipanda kanisani na sinia za ngano iliyochemshwa, juu yake sukari na punje za komamanga. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye majina ya wafu wake, akampa kasisi ayasome. Mimi nilibaki nje karibu na mlango, kama inavyonipasa, nimeshika kijiko cha ngano nisijue nile sasa au ningoje.

Kasisi alisoma muda mrefu. Majina yalipita kama mvua, Yani, Maria, Dimitri, Eleni, nami nilikuwa nimeshaacha kuyafuata, natazama bahari yao iliyojaa chini ya mji. Akasoma Yorgo. Kisha akasita kidogo, akaisogeza karatasi karibu na macho yake, akasoma kwa makini, herufi kwa herufi, jina la mama yangu.

Nikaitikia amina kwa sauti, kanisa zima likageuka kunitazama.